Kasi ya Pampu ya Bwawa la Nyumbani na Saa za Kuiwasha

Ndugu wasikilizaji,

Wenye mabwawa ya kuogelea nyumbani huuliza kwanza pampu iwashwe kwa muda gani kila siku. Mwenye pampu ya kasi moja hana budi kuanzia hapo, kwa kuwa hana kingine cha kuchagua. Lakini mwenye pampu inayobadilishwa kasi anapaswa kutafuta kwanza kasi ndogo kabisa inayotosha kwa kazi iliyopo, kisha saa ndizo zifuate.

Sababu ni ya kihesabu. Kasi ikipungua kwa nusu, maji yanayopita nayo hupungua kwa nusu, ilhali umeme unaohitajika hushuka hadi sehemu moja ya nane. Tuchukue pampu inayosukuma lita 15,000 kwa saa ikiwa katika mizunguko 2,800 kwa dakika, na kula wati 1,100. Ili lita 60,000 zipite kwenye chujio, itafanya kazi kwa saa 4 na kutumia kilowati-saa 4.4. Ikishushwa hadi mizunguko 1,400 itahitaji saa 8, lakini kwa hesabu tupu itatumia kilowati-saa 1.1 tu. Katika mota halisi akiba haifiki huko, kwani mota na kidhibiti chake hupoteza umeme kiasi, na upotevu huo huwa na uzito zaidi kasi inapokuwa ndogo. Hata hivyo tofauti inayobaki si haba.

Hesabu hiyo inasimama kwa sababu maji ya bwawa hurudi palepale yalipotoka, hivyo pampu haina mlima wa kupanda, bali hushindana na msuguano wa mabomba na chujio. Maji yanapopelekwa kwenye paneli za kupashia joto juu ya paa mambo hubadilika: iko kasi ambayo chini yake maji hayafiki juu, hata pampu ikikesha.

Wengi huamini kwamba kiasi cha maji kilicho sawa na ujazo wa bwawa kikishapita kwenye chujio, basi maji yote yamechujwa. Sivyo. Maji safi hurudi na kuchanganyika na yale yasiyochujwa, kwa hiyo, mchanganyiko ukiwa mzuri, takriban asilimia 37 ya maji huwa bado haijapita kwenye chujio, na hata baada ya kiasi hicho kupita mara mbili, hubaki asilimia 14 hivi. Kwa sababu hiyo mimi siichukulii idadi ya mara ujazo wa bwawa unapopita kwenye chujio kama sheria. Naamini zaidi uangavu wa maji na kipimo cha klorini.

Sasa, kasi hiyo ndogo kabisa hupatikanaje? Washa pampu kwa kasi kubwa mpaka hewa iishe chini ya kifuniko cha kikapu chake, kisha ishushe kwa mizunguko 100 au 200 kila mara, ukisubiri dakika chache kabla ya kushusha tena. Tazama skima, ule mdomo wa ukutani unaovuta takataka za juu ya maji: kibao chake kinapaswa kucheza, na majani yaendelee kuvutwa kuuelekea. Kama kuna mtambo wa kutengeneza klorini kwa chumvi, subiri taa yake ya onyo iwake kwamba maji hayatoshi, kisha pandisha kasi kidogo juu ya hapo. Mtambo huo hutengeneza klorini pale tu maji yanapopita, kwa hiyo mara nyingi ndio unaoamua saa, wala si chujio. Kifaa cha kusafisha sakafu kinachotegemea mvuto wa pampu kitadai kasi kubwa, vivyo hivyo kuosha chujio la mchanga kwa kurudisha maji nyuma. Kazi hizo zipewe muda wake mfupi, zisiamue kasi ya siku nzima.

Liko jambo ambalo hata mafundi hulisahau. Presha hushuka haraka kuliko kasi: kasi ikiwa nusu, geji ya chujio husoma takriban robo. Presha ya chujio safi iandikwe pamoja na kasi iliyopimiwa, na kila ulinganisho ufanywe kwa kasi hiyohiyo. La sivyo, chujio lililoziba litasomeka kama safi, na maji yataendelea kupungua bila mwenye bwawa kujua.