Kuingiza kompyuta ya Mbale kwenye domeini iliyoko Kampala

Karibuni, ndugu watazamaji. Seva yetu ya domeini, yaani mfumo unaosimamia kompyuta na watumiaji wa ofisi kwa pamoja, iko Kampala kwenye sabuneti (kipande cha mtandao) ya 192.168.10.0. Kompyuta tunayoiingiza iko tawi la Mbale, sabuneti ya 192.168.20.0. Ruta zimeshaunganishwa kwa VPN, yaani njia ya faragha kupitia intaneti, na domeini inaitwa ofisi.lan.

Ukiwa Mbale, fungua cmd (dirisha la kuandikia amri) uandike: ping 192.168.10.5. Hiyo ndiyo anwani ya seva, tunapima kama inafikika. Isipojibu, rudi kwenye ruta uhakikishe kila upande unaijua njia ya upande wa pili, kwenda na kurudi. Kama katikati kuna fayawoli (kizuizi cha usalama wa mtandao), ruhusu poti, yaani milango ya mawasiliano, za 53, 88, 135, 389 na 445, pamoja na 49152 hadi 65535.

Sasa tulia hapa, DNS, huduma inayogeuza majina kuwa anwani, ndiyo inayotesa watu. Niliwahi kushinda siku nzima kwenye ofisi moja Jinja: ping inajibu vizuri, lakini kila nikijaribu naambiwa domeini haipatikani. Kumbe kompyuta ilikuwa inauliza 8.8.8.8, na DNS ya Google haiwezi kulijua jina la ndani ya ofisi yako! Fungua mipangilio ya IPv4, na kwenye DNS weka 192.168.10.5 peke yake. Tafadhali usiongeze 8.8.8.8 kama ya pili. Majina ya intaneti seva itakuulizia. Tawi likiwa na DHCP (huduma inayozigawia mashine anwani), badilisha huko huko ili mashine zote zipate.

Jaribu sasa kwenye cmd, kuiuliza DNS seva ya domeini ni ipi: nslookup -type=srv _ldap._tcp.dc._msdcs.ofisi.lan. Jina la seva likitokea, kazi kubwa imekwisha.

Tazama saa pia. Kerberos, mfumo unaothibitisha utambulisho kwenye domeini, hukataa tofauti ya saa inayozidi dakika 5, na umeme unavyokatika, mashine yenye betri ya ubao iliyochoka huamka na tarehe ya zamani.

Bonyeza Windows na R, andika sysdm.cpl, kisha Change, chagua Domain. Andika ofisi.lan kamili, usiandike OFISI tu. Jina fupi hutafutwa kwa tangazo linalotumwa kwa mashine zote za mtandao wa karibu, ambalo ruta hailivushi. Weka jina na nywila ya msimamizi, kisha zima na kuwasha. Kama ni Windows Home, nafasi hiyo haikubali kuchaguliwa, unahitaji Pro.

Mwisho, kwenye seva fungua Active Directory Sites and Services, usajili 192.168.20.0/24 (yaani sabuneti yote ya Mbale) chini ya saiti ya Mbale. Siku mtakapoweka seva ya pili Mbale, kompyuta za huko zitaitumia hiyo badala ya kuvuka hadi Kampala kila asubuhi.