Jina Lilifutwa, Mate Yakasema: Ukoo wa MacGregor

BAKARI: Dada Mwanaidi, uliniahidi kisa cha Uskoti. Haya, lete.

MWANAIDI: Tuseme yupo mwanamume wa huko, anaitwa Murray, baba yake Murray, babu yake Murray. Anatema mate kwenye kichupa, anayapeleka maabara. Majibu yanarudi, na watu anaolingana nao upande wa baba ni MacGregor, McGregor, Gregor, tena MacGregor. Murray hata wa dawa hamna.

BAKARI: Hapo bibi ameshaanza kushukiwa.

MWANAIDI: Na wanamwonea! Februari 1603 MacGregor waliwapiga watu wa ukoo wa Colquhoun katika bonde la Glen Fruin, wakaua wengi. Aprili mwaka huohuo serikali ya Mfalme James VI ikapiga marufuku jina lenyewe. Ukijiita MacGregor, adhabu ni kifo. Mkuu wao, Alasdair, alinyongwa Edinburgh Januari 1604. Waliobaki hawakuruhusiwa silaha yoyote, isipokuwa kisu kisicho na ncha, cha kukatia chakula.

BAKARI: Kisu bila ncha, jamani! Ndipo wakajificha kwenye majina ya watu.

MWANAIDI: Murray, Grant, Drummond, Stewart, hata Campbell, mahasimu wao wakubwa. Marufuku iliondolewa 1661, ikarudishwa 1693, ikafutwa moja kwa moja 1774. Mpaka hapo kuna mtu amezaliwa Murray, amezikwa Murray, na wajukuu hawana habari.

BAKARI: Sasa mate yanajuaje?

MWANAIDI: Kwa kromosomu Y, kile kipande cha vinasaba walicho nacho wanaume. Baba humpa mwanawe wa kiume karibu vilevile alivyoipokea. Na Mac ni kama bin yetu: MacGregor, bin Gregor. Mwanamke ni Nic, yaani binti. Kwa hiyo jina na Y vilikuwa vinasafiri pamoja, sheria ikakigusa kimoja tu. Ila sisi wanawake hatuna Y. Tumwombe kaka au baba atutemee.

BAKARI: Na yule anayeitwa MacGregor hasa, vipimo vikamkataa?

MWANAIDI: Wapo. Milimani kule wengine walichukua jina la mkuu aliyewapa ardhi na ulinzi. Kwangu mimi hao ni MacGregor kamili. Y ni mstari mmoja, Bakari! Rudi nyuma vizazi 10, una nafasi 1,024 za mababu na mabibi, yenyewe inamsemea mmoja. Inaniuma mtu akipokea karatasi ya maabara akalitupa jina lililomlea.

BAKARI: Na Rob Roy, yule MacGregor maarufu, alijificha pia?

MWANAIDI: Alitumia Campbell, jina la upande wa mama yake. Alifariki 1734, marufuku bado ipo. Nenda leo kaburini kwake, kijiji cha Balquhidder. Waliokuja baadaye wamechonga maneno ambayo mimi nayasoma hivi: MacGregor, wapende wasipende.