Nimeokoka, Mbona Bado Natamani?

Bwana asifiwe sana. Nashukuru kwa kunikaribisha hapa Dodoma, na namshukuru mlezi wenu aliyenitumia maswali mapema. Nimeyasoma yote. Mengi yanazunguka jambo moja, na yuko mmoja wenu aliyelisema kwa maneno manne tu: "Nimeokoka, mbona bado natamani?"

Jibu la haraka mnalijua. Omba, funga, soma Neno. Ni jibu zuri, ila aliyeuliza nina hakika ameshaomba na ameshafunga. Kinachomsumbua si tamaa yenyewe, ni kile anachodhani tamaa ile inasema juu yake. Anajiuliza kama siku ile aliyokwenda mbele akalia ilikuwa kweli au alichangamkia mapambio tu. Kwa hiyo leo sitazungumzia sana namna ya kushinda majaribu. Nataka tuzungumzie uhakika: mtu anayejaribiwa, na hata anayeanguka, anajuaje kwamba bado ni wa Bwana?

Swali hili lina wazee wake huku kwetu Afrika Mashariki. Septemba 1929, kwenye kilima cha Namirembe, Kampala, daktari Mwingereza aitwaye Joe Church alikutana na Mganda aitwaye Simeoni Nsibambi. Church alikuwa akifanya kazi katika hospitali ya misheni ya Gahini, Rwanda, na alikuwa ametoka katika njaa kubwa iliyoua watu wengi kule. Alikuwa amechoka mwili na roho. Wale wawili wakakaa wakisoma Biblia na kuomba, na Church akarudi Gahini akiwa mtu mwingine. Angalieni hapo: huyu hakuwa mpagani aliyekuja kuongoka. Alikuwa mmisionari, ameacha kwao, anahubiri, na amekauka. Uamsho wa Afrika Mashariki tunaousimulia kwa fahari ulianza na mkristo aliyekiri kwamba amekauka.

Moto ule ukawaka Gahini na Kigezi, kusini magharibi mwa Uganda, mwaka 1937 ukafika Kabete nchini Kenya, na Tanganyika ukaingilia upande wa kaskazini magharibi. Watu walirudisha vitu vya wizi. Walilipa madeni ya zamani. Mume alimwomba mkewe msamaha mbele za watu, jambo ambalo kwa wanaume wa wakati ule, na tuseme ukweli, hata wa wakati huu, si dogo.

Mliokulia katika ushirika wa ndugu wa uamsho mnaijua taratibu yake. Mtu anasimama, "Bwana asifiwe," anataja jina lake, anasema Yesu ni Mwokozi wake, anataja mwaka aliookoka. Wengine huishia hapo na kukaa. Lakini wazee wa uamsho hawakuridhika na ushuhuda wa namna hiyo. Walitaka wa leo. Umeokoka mwaka 1948, Bwana asifiwe, na wiki hii je? Umemsema nani? Umemdanganya nani sokoni? Hawakuuliza ili wamfukuze mtu. Waliuliza kwa sababu waliamini damu ya Yesu ina kazi Jumanne hii kama ilivyokuwa na kazi siku ile ya kwanza. Ndiyo maana andiko lao kubwa lilikuwa 1 Yohana 1:7, la kuenenda nuruni na damu kusafisha. Yohana anaandika hayo kwa waamini, tena anawaambia wazi kwamba wakisema hawana dhambi wanajidanganya.

Sasa nifike mahali panapouma kidogo. Mapema miaka ya 1970, Uganda, likatokea kundi ndani ya uamsho lililosema ndugu wamelala na inabidi waamke upya. Mengi waliyosema yalikuwa ya haki. Lakini wakaja na orodha: kukopa ni dhambi, mavazi ya kisasa ni dhambi, na mengine. Ndugu wakagawanyika, na mgawanyiko wa namna hiyo ukaonekana Kenya pia. Sitawacheka wazee wale. Mtu yeyote aliyeona jirani yake akibebewa kitanda na televisheni kwa ajili ya mkopo wa kausha damu hawezi kusema walioogopa deni walikuwa wajinga.

Ubaya wa orodha uko kwingine. Ukiishika, unaanza kumtazama mwenzako kwa jicho la pembeni. Ukishindwa kuishika, unajificha. Na yule anayejivuna na huyu anayejificha wote wawili wameuacha msalaba, mmoja kwa kuona hauhitaji tena, mwingine kwa kuona haya kuurudia. Isitoshe, sijawahi kuona orodha ya makatazo iliyoandikwa chuki. Utakuta hereni, utakuta suruali, utakuta muziki. Chuki haimo.

Ndipo namkumbuka Festo Kivengere. Mzaliwa wa Kigezi, kijana mwalimu, mlevi, aliyeokoka mwanzoni mwa miaka ya 1940. Kati ya mambo ya kwanza aliyoyafanya ni kupanda baiskeli na kukanyaga maili nyingi kwenda kumwomba msamaha Mzungu mmoja ambaye yeye Festo alikuwa akimchukia. Baadaye alikuja kufundisha hapa hapa Dodoma, katika shule iliyokuja kuitwa Mazengo. Mwaka 1972 akawa askofu wa Kigezi.

Tarehe 16 Februari 1977 Askofu Mkuu wa Kanisa la Anglikana Uganda, Janani Luwum, aliuawa chini ya utawala wa Idi Amin. Serikali ikatangaza ajali ya gari. Kivengere alikuwa miongoni mwa maaskofu waliokuwa na Luwum siku ile. Siku chache baadaye yeye na mkewe Mera walitoroka usiku kwa miguu, wakapanda milima hadi Rwanda.

Huyu ni mtu aliyeokoka zaidi ya miaka thelathini. Mhubiri aliyejulikana duniani. Na mwenyewe alisimulia kwamba moyo wake ulijaa uchungu juu ya Amin, ukawa mgumu, hata raha ya Bwana ikaondoka. Ijumaa Kuu ya mwaka ule alikuwa kanisani London, yakasomwa maneno ya Bwana msalabani, "Baba, uwasamehe." Hapo akabanwa: kama Amin angekuwa mmoja wa askari wale wenye nyundo na misumari, Yesu angemruka katika sala ile? Akatubu. Mwaka huo huo akatoa kitabu ambacho jina lake lilisema anampenda Idi Amin, na wako Waganda walioona kwamba hilo limezidi.

Mtazameni vizuri. Jaribu lake halikuwa pombe tena. Lilikuwa chuki yenye sababu, chuki ambayo kila mtu angemwelewa. Na hakusema, "Kumbe sikuokoka miaka ile." Alirudi pale pale alipoanzia siku ya baiskeli.

Paulo anafanya hivyo hivyo. Mwisho wa Warumi 7 bado anasema kwa mwili anaitumikia sheria ya dhambi. Sentensi inayofuata: "Sasa, basi, hakuna hukumu ya adhabu juu yao walio katika Kristo Yesu." Hakungoja vita viishe ndipo aiandike.

Naona mtu anatabasamu kule nyuma, anasema moyoni, basi tubeti kwa amani. Paulo aliulizwa hilo, akajibu, "Hasha!" Na Tito 2 inasema neema hiyo hiyo "yatufundisha kukataa ubaya na tamaa za kidunia." Mwalimu hamfukuzi mwanafunzi kwa sababu amekosa hesabu, wala hampi alama kwa hesabu aliyokosa. Anamrudisha ubaoni.

Kwa hiyo kijana mwenye mkeka kwenye simu, uliyeweka hela ya ada ukitegemea timu saba zishinde, nakuambia mambo ya kawaida kabisa. Futa programu ile leo, kabla hujalala. Mwambie mzazi ukweli wa ada, hata kama atafoka. Kisha mtafute ndugu mmoja umwambie. Mmoja. Uamsho wetu uliumiza watu pale kukiri kulipogeuka maonyesho, mtu akataja mbele ya mkutano dhambi aliyoifanya na fulani, na fulani hakuulizwa kama anataka kutajwa. Nuruni si lazima iwe jukwaani. Na ukianguka tena mwezi ujao, usisubiri upate wiki tatu safi ndipo uombe. Omba jioni ile ile, na yule ndugu umpigie jioni ile ile, ingawa utaona aibu kuliko mara ya kwanza.

Mlezi ananionyesha saa. Naona mikono imeinuka tayari. Tuanze na dada aliye karibu na mlango.