Trela Kuukuu ya Lanet: Ninunue au Niendelee Kukodi Kanta?

CHEBET: Karibuni tena kwenye kipindi. Hapa ni Nakuru, mimi ni Chebet, na niko na fundi wetu Baba Shiru, ambaye leo nimemnyima chai mpaka anijibu swali moja. Kuna trela inauzwa kule Lanet. Ndogo, futi nane kwa nne, ekseli moja, imepakwa rangi ya kijani. Ninunue, au niendelee kukodi kanta, lile lori dogo?

BABA SHIRU: Utaivuta na nini?

CHEBET: Hata bei hujauliza!

BABA SHIRU: Bei baadaye. Utaivuta na nini?

CHEBET: Si ile Prado yetu ya zamani.

BABA SHIRU: Haya, hapo tunaweza kuongea. Ungesema Probox, lile gari dogo, ningebeba kofia yangu niende nyumbani.

CHEBET: Usianze na watu wa Probox, nusu ya wasikilizaji wetu ndio hao.

BABA SHIRU: Siwadharau. Probox inabeba mpaka unashangaa. Lakini kubeba ni kazi moja na kukokota ni nyingine. Mzigo ukiwa ndani ya gari, ukifunga breki unasimama nao. Ukiwa kwenye trela, gari linasimama na trela bado inataka kwenda. Kwa hivyo fungua kitabu cha gari, tafuta uzito ambao limeruhusiwa kukokota. Kama hakuna mahali pametajwa, chukulia kwamba gari hilo halikuundwa kwa kazi hiyo, na zaidi likiwa la otomatiki, maana mlimani giaboksi ndiyo hupata joto kwanza. Sasa niambie, unataka kubeba nini?

CHEBET: Nyasi kutoka Rongai, ile boma Rhodes. Deari mili, chakula cha ng'ombe wa maziwa, kutoka mjini. Na msimu wa viazi, magunia machache ya kupeleka soko la Wakulima.

BABA SHIRU: Beli moja ya nyasi ina kilo ngapi?

CHEBET: Kumi na mbili, kumi na tano. Inategemea aliyefunga na alivyoamka siku hiyo.

BABA SHIRU: Tuseme kumi na tano. Beli arobaini ni kilo 600, na hapo trela imejaa mpaka watu wa boda wanakupisha. Trela yenyewe ikiwa tupu, ya saizi hiyo na chuma cha kawaida, inaweza kuwa kilo 250 au 300. Umeshafika karibu kilo 900. Uingereza, trela ndogo isiyo na breki zake hairuhusiwi kupita kilo 750 pamoja na mzigo, na hata hapo isizidi nusu ya uzito wa gari linaloivuta. Hiyo ni sheria ya kwao, lakini uzito ni ule ule, mlima ni mlima.

CHEBET: Kwa hivyo nyasi tu zimenipitisha?

BABA SHIRU: Kama trela haina breki, ndiyo. Na nyasi ndio mzigo mwepesi! Nyasi zinakuonyesha kwa macho kwamba umejaza. Shida ni vitu vizito vinavyokaa chini. Siku moja bwana yako atasema, "Si kuna trela, wacha nilete mchanga wa kujengea zizi." Trela ya futi nane kwa nne ikiwa na kuta za sentimita 40, ukijaza mchanga mkavu mpaka juu, hapo kuna karibu tani 1.8. Ukiwa umenyeshewa, zaidi. Na kwa macho inaonekana mzigo wa kawaida tu.

CHEBET: Ala! Na viazi?

BABA SHIRU: Viazi vina nafuu ukifuata gunia la kisheria. Kanuni za viazi za 2019 zinasema kilo 50. Gunia 12 ni kilo 600, hesabu rahisi. Ukibeba yale yaliyovikwa mukurino, yaani yaliyoongezwa kilele juu, hujui unabeba nini, na broka anajua ndiyo maana anayapenda.

CHEBET: Hilo la mabroka tutalifanyia kipindi chake, na nitakuja na maji ya kunywa. Rudi kwa breki. Nitajuaje kama hii ya Lanet inazo? Mimi niliona magurudumu mawili na kijani kingi.

BABA SHIRU: Angalia mbele, pale kichwa cha trela kinaposhika gari. Kama kuna chuma kinachoteleza ndani, mara nyingi kimefunikwa na raba yenye mikunjo, hizo ni breki za kusukumwa. Gari likipunguza mwendo, trela inakisukuma kile chuma nyuma, nacho kinavuta kebo mpaka kwenye magurudumu. Kama kichwa kimechomelewa moja kwa moja kwenye chuma, hakuna breki. Nyingi zilizotengenezwa na mafundi wa jua kali hazina. Hiyo haimaanishi usinunue, inamaanisha ubebe kidogo, na ukiteremka mlima wa Sachangwan uwe kwenye gia ya chini tangu juu. Usingoje kufika Salgaa kule chini ndio ukumbuke.

CHEBET: Salgaa yenyewe hata bila trela mimi hushika usukani kwa mikono miwili.

BABA SHIRU: Na ukiwa na trela, lori likikupita kwa kasi, upepo wake unaweza kuanza kuiyumbisha. Ikiyumba, usikanyage breki kwa nguvu, na usiongeze mafuta. Ondoa mguu, shika usukani uwe sawa, ngoja itulie. Lakini mara nyingi kuyumba kunaanzia nyumbani, wakati wa kupakia. Watu wanarundika mzigo nyuma kwa sababu mlango uko nyuma. Nyuma ikiwa nzito, trela inainua mkia wa gari, na matairi ya nyuma ya gari yanapoteza mshiko. Mzigo mzito uwe mbele kidogo ya ekseli. Kichwa cha trela kilalie gari kwa karibu asilimia 10 ya uzito wote. Trela ya kilo 700, pale mbele pawe na kilo 70 hivi.

CHEBET: Hiyo ni gunia moja la deari mili.

BABA SHIRU: La kilo 70, ndiyo. Ukishindwa kuinua kichwa kwa mkono kabisa, au kikiinuka chenyewe, pakia upya.

CHEBET: Sasa niulize lile ninaloogopa. Karatasi. Yule jamaa anayeiuza anasema trela ya shamba haihitaji karatasi.

BABA SHIRU: Shamba lako liko wapi?

CHEBET: Njoro.

BABA SHIRU: Na trela?

CHEBET: Lanet.

BABA SHIRU: Hapo katikati kuna barabara ya serikali. Na jiji zima. Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, inataka trela isajiliwe kama gari linavyosajiliwa. Ina logbuku yake, ile hati ya umiliki, na namba yake. Kwani hujawahi kuona nyuma ya malori, namba zinazoanza na Z? Hizo ni za trela. Ukiona trela ndogo ina namba ya gari fulani imechorwa kwa rangi nyuma, hapo muuzaji ana hadithi, na hadithi haiwezi kuhamishwa kwenye eCitizen, ule mtandao wa huduma za serikali.

CHEBET: Hii ina namba. Inaanza na Z, niliiona. Ila...

BABA SHIRU: Ila nini?

CHEBET: Logbuku iko kwa jina la marehemu baba yake.

BABA SHIRU: (Anacheka.) Na ulikuwa unaniambia rangi ya kijani!

CHEBET: Nilitaka kwanza nijue kama chuma ni kizuri.

BABA SHIRU: Chebet, chuma ni kazi yangu. Chesisi ikiwa na kutu naikata, nachomelea kipande kipya. Beringi zikilia, nabadilisha, hata si pesa nyingi. Umiliki siwezi kuuchomelea. Mali ya marehemu haiuzwi na yeyote aliyeshika funguo. Inauzwa na msimamizi wa mirathi, aliyepewa hati na mahakama. Huyo jamaa ana ndugu?

CHEBET: Amesema wako wanne.

BABA SHIRU: Na wote wamekubali?

CHEBET: Amesema mmoja yuko Mombasa na hana shida.

BABA SHIRU: Kila aliye Mombasa hana shida mpaka asikie kuna pesa. Mwulize hivi, kwa upole tu: je, mlienda kortini, na hati ya usimamizi iko kwa jina la nani? Kama ipo na imethibitishwa, aandikishe uhamisho kupitia akaunti yake, mambo yaishe. Kama haipo, wewe unanunua ugomvi wa watu wengine uliowekewa magurudumu. Mimi ningependelea trela yenye kutu na karatasi safi kuliko hii yake inayong'aa.

CHEBET: Sawa, tuseme hati ipo. Nikifika pale niangalie nini?

BABA SHIRU: Lala chini. Usione aibu, beba gunia la kulalia. Angalia pale mkono wa trela unapoungana na fremu, nyufa huanzia hapo. Rangi ikiwa mpya mahali pamoja tu na kwingine ni kuukuu, uliza kwa nini. Gonga na nyundo ndogo: chuma kizima kinalia, kilicholiwa na kutu kinasema "puu". Kisha matairi. Yakiwa yameisha upande wa ndani peke yake, ekseli imepinda au imebeba kupita kiasi. Na usidanganywe na meno ya tairi. Trela inakaa miaka juani bila kutembea, meno yanabaki na raba inakufa. Kwenye ukuta wa tairi kuna tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT. Ukisoma 2314, limetengenezwa wiki ya 23 ya 2014.

CHEBET: Kwa hivyo linaonekana jipya na lina umri wa mtoto wa sekondari.

BABA SHIRU: Hiyo toa kwenye bei. Halafu inua gurudumu moja kwa jeki, lizungushe, usikilize. Lishike juu na chini ulitikise. Likicheza, beringi zimechoka au zimelegea. Namba ya chesisi usome mwenyewe, ilingane na logbuku herufi kwa herufi. Taa, unganisha na gari, mtu mmoja akanyage breki, mwingine asimame nyuma. Na ile minyororo ya usalama iwepo.

CHEBET: Prado yetu ina kile chuma cha kuvutia nyuma, lakini aliyetuuzia alikiweka yeye.

BABA SHIRU: Pima tufe lake. Trela nyingi hapa kichwa chake ni cha milimita 50. Kuna matufe ya Kimarekani ya inchi 1 na 7/8, hayo hayafiki milimita 48. Kichwa kinashika, unafikiri kimekaa, kwenye tuta la kwanza kinaruka.

CHEBET: Hebu pesa sasa. Tuseme kanta ya kutoka Rongai inanitoza shilingi 4,000. Nikileta nyasi mara moja kwa mwezi ni 48,000 kwa mwaka. Huyu anataka 85,000. Kwa miaka miwili nimeilipia.

BABA SHIRU: Umesahau petroli ya Prado, ambayo itakunywea zaidi ikikokota. Umesahau matairi tuliyosema. Na kanta inaleta beli zaidi ya mia kwa safari moja, wewe utaenda mara tatu. Ukiangalia nyasi peke yake, kodi kanta. Kinachofanya trela ilipe ni vitu vidogo vya kila wiki: deari mili, mbolea, maziwa siku ambayo pikapu ya ushirika imekwama kwenye matope. Hivyo vina uzito unaofaa na havina dereva wa kukuweka ukingoja mpaka saa kumi.

CHEBET: Kungoja ndiko kunaniua mimi. Kuliko hata ile 4,000.

BABA SHIRU: Basi hapo una sababu. Na kuna gharama nyingine hujaandika. Ukiwa na trela Njoro, kijiji kizima kina trela. Matanga yakitokea, hema na viti vinabebwa na nani?

CHEBET: Haki, nitakataaje matanga?

BABA SHIRU: Hukatai. Unaenda wewe mwenyewe na gari lako, hutoi trela ifungwe nyuma ya gari la mtu. Na uulize bima kwa maandishi kama bima ya Prado inashika trela ikiwa imefungwa, na ikichomoka je.

CHEBET: Kurudi nyuma nayo, nasikia ni balaa.

BABA SHIRU: Shika usukani chini kabisa, pale namba 6 inapokaa kwenye uso wa saa. Mkono ukienda kushoto, mkia wa trela unaenda kushoto. Polepole. Trela fupi hujikunja upesi kuliko ndefu, kwa hivyo ikianza kukunja, enda mbele unyooke, usipigane nayo. Fanya mazoezi uwanjani bila mzigo na bila watazamaji.

CHEBET: Sawa. Jumamosi naenda Lanet. Nitabeba jeki, nyundo, na gunia la kulalia. Na wewe unakuja.

BABA SHIRU: Nakuja. Lakini pesa usibebe.

CHEBET: Ziko kwa M-Pesa.

BABA SHIRU: Basi na simu uniachie mimi, mpaka tuone hati ya korti. Sasa lete hiyo chai.