Nyanya Hayumo Katika Suratun Nisaa

(Darsa baina ya Magharibi na Isha, Langoni, Lamu)

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.

Wazee wangu, kina mama mlio nyuma ya pazia, vijana. Dalili za sharia mmezisoma chuoni mkiwa wadogo: Qur'ani, Sunna, ijmai, yaani maafikiano ya wanavyuoni, na kiasi, yaani kulipima lisilotajwa kwa lililotajwa. Sizirudii. Anayetaka kuzisoma kwa mpango wake na aje asubuhi tukae na kitabu. Usiku huu nataka tutazame zinavyofanya kazi, maana hapo ndipo watu wanapodhulumiana na huku wamekamata msahafu mkononi.

Niliitwa nyumba moja ya msiba. Kijana amekufa, hakuoa. Mama yake alitangulia zamani, na aliyemlea ni nyanya yake, mzaa mama. Nyanya huyo alimsomesha kwa mahamri ya alfajiri. Kijana ameacha mashua na mashine yake. Nilipofika, mirathi imeshagawanywa: vyote kwa baba. Nikauliza, na nyanya? Kijana mmoja wa ukoo akatoa simu, akafungua Suratun Nisaa aya ya 11, akateremka mpaka ya 12, akaniambia: "Ustadhi, watoto wamo, baba yumo, mama yumo, mume, mke, ndugu. Nyanya hayumo. Sisi twafuata Qur'ani."

Na nyanya mwenyewe yuko pale pale, ameketi mkekani, anasikia. Akasema: "Kama Mungu hakunitaja, basi wanangu, nimeridhika."

Neno hilo sijalisahau. Mama yule hakunyimwa mali tu. Aliambiwa kuwa Mola wake amemruka! Na aliyemwambia anadhani ameitetea dini.

Basi nikawahadithia, na nyinyi nawahadithia, na walionisikia nikikisimulia mara kumi na wasikie ya kumi na moja. Kisa hiki kimo katika Muwatta, kitabu cha hadithi cha Imam Malik, na Abu Daud na Tirmidhi wamekipokea. Jadda mmoja, yaani nyanya, alikwenda kwa Sayyidna Abubakar, Mungu amridhie, akiwa khalifa, kudai mirathi yake. Abubakar akamwambia: katika Kitabu cha Mwenyezi Mungu huna kitu, na katika Sunna ya Mtume sijui kuwa una kitu.

Mpaka hapo amesema sawasawa na kijana wetu wa simu. Lakini sikilizeni alichoongeza: "Rudi, mpaka niwaulize watu."

Ni nani huyu anayesema hajui? Ni mtu aliyekuwa na Mtume (s.a.w.) pangoni, akahama naye, akaswalisha watu Mtume akiwa mgonjwa. Anaona aya haikumtaja mwanamke huyu, na bado hathubutu kumwambia "huna". Anamwambia ngoja. Baina ya "huna" na "ngoja niulize" ndipo ilipokaa elimu yote ya fiqhi, yaani elimu ya hukumu za sharia, na ndipo walipoanguka wale ndugu zetu.

Akauliza. Akasimama Mughira bin Shu'ba: nilikuwapo, Mtume wa Mwenyezi Mungu alimpa jadda sudusi. Sudusi ni moja ya sita. Yakaisha? La. Abubakar akauliza: yuko mwingine pamoja nawe? Akasimama Muhammad bin Maslama, Ansari, akasema kama alivyosema Mughira. Hapo ndipo yule mama akapewa haki yake.

Sahaba anasimulia habari aliyoishuhudia kwa macho yake, na khalifa anatafuta wa pili wa kumtilia nguvu. Sisi tunaletewa klipu ya dakika mbili, msemaji hatumjui, kitabu hakutaja, na kabla ya kulala tumeshaipeleka makundi matano.

Kisha zama za Sayyidna Umar akaja jadda wa pili, wa upande mwingine wa ukoo. Umar akamwambia hukumu ile ilitolewa kwa mwenzako, na mimi si wa kuongeza katika mafungu ya mirathi. Ni sudusi ile ile. Mkikutana wawili, gawaneni. Akibaki mmoja, ni yake. Mnaona? Maneno ya Mtume yamekuja kwa mmoja, Umar akampima wa pili kwayo bila kuvuka mpaka. Na baadaye wanavyuoni wakaafikiana, na mwanachuoni Ibn al-Mundhir ameitaja ijmai hiyo, kwamba jadda ana sudusi akiwa maiti hana mama. Nyanya mmoja, na dalili zote zimepita mlangoni kwake.

Najua kuna mwenye aya mdomoni. Atasema: Mwenyezi Mungu amesema katika Suratul An'aam kuwa hakupuuza kitu Kitabuni. Ndiyo, amesema. Na hoja yako aliitoa Ummu Ya'qub kabla yako, mwanamke wa Bani Asad, msomaji wa Qur'ani. Alimsikia sahaba Abdallah bin Mas'ud akiwalaani wanaochanja chale za urembo, akamwendea: nimesoma baina ya majalada mawili, hilo sikuliona. Ibn Mas'ud akamjibu: ungesoma kweli ungeliona. Hukusoma "Anachokupeni Mtume kichukueni, na anachokukatazeni kiacheni"? Iko Suratul Hashr, aya ya 7. Kwa hiyo ile sudusi imo Qur'anini kwa mlango huo. Hata hizo rakaa tatu tulizoswali sasa hivi, nionyesheni aya iliyozihesabu.

Na wasia je? Aya ya mirathi inasema "baada ya wasia", haikuweka kiwango. Sahaba Sa'd bin Abi Waqqas alipotaka kuusia mali yake, Mtume akamsimamisha kwenye thuluthi, yaani moja ya tatu, akasema thuluthi nayo ni nyingi. Bila ya hadithi hiyo, mzee angeweza kuandika shamba zima la Mokowe kwa rafiki yake, na wanawe wakabaki na karatasi.

Mwingine atauliza, na Imam Shafi'i, imamu wa madhehebu yetu, anaingilia wapi? Alizaliwa mwaka 150 Hijria, akafa 204. Alikuwa na rai zake Iraki, akafika Misri akaziacha nyingi, na amesema hadithi ikisihi ndiyo madhehebu yake. Mtu wa namna hiyo hakuja kushindana na Sunna. Yataka darsa yake peke yake.

Kiasi nakigusa tu. Vijana wanasema unga, yaani dawa za kulevya, haukutajwa Qur'anini. Pombe ilitajwa, na Mtume akasema kila kinacholevya ni haramu. Unga unaondoa akili kuliko pombe, na tunawazika watoto wetu kwa ajili yake. Mnataka aya gani tena?

Kuhusu hiba, yaani zawadi ya mtu angali hai, kama baba aliyemwambia binti yake "nyumba hii ni yako" kisha akakaa na funguo mpaka kufa, nilikusudia kusema leo. Muda hautoshi. Lakini jueni kuwa kwa Shafi'i hiba bila ya kukabidhiwa haijatimia, na nyumba hiyo inaingia katika mirathi. Tutarudi.

Muadhini ananiangalia. Nimalize la mashua. Kijana hakuwa na deni, gharama za mazishi baba alishatoa. Tuseme mashua na mashine ni shilingi 600,000: laki moja ya nyanya, laki tano za baba. Baba aliposikia kisa alilia, akainuka, akaenda kuketi mkekani karibu na mama mkwe wake.

Mwenye mirathi haijagawanywa, kesho baada ya Alasiri nipo hapa. Njooni na majina ya walio hai wote, na mwanzo mwanzo niandikieni nyanya.