Supu ya Kuku, Mboga na Tambi za Kukanda Nyumbani

Mama zangu, dada zangu, nanyi kaka zangu mliokuja, karibuni sana. Najua hapa Pwani ukitaja tambi, mtu anakumbuka za futari, za sukari, nazi na hiliki. Za leo ni za chumvi, tunazikanda wenyewe, na zinaliwa ndani ya supu.

Lakini tambi zisubiri. Nikisikia mtu analalamika supu yake haina ladha, swali langu la kwanza ni: ulipika kuku gani? Broila wa wiki tano ni laini, anaiva upesi, ila supu yake ni nyepesi. Mtafute kuku wa kienyeji aliyekomaa, au kuku wa mayai aliyeacha kutaga. Na miguu jamani, msiitupe! Imwagieni maji ya moto, ivueni ile ngozi ya nje, kateni kucha. Miguu, shingo na mabawa yana kolajeni nyingi, ile protini ya ngozi na viungo, nayo ikipikwa taratibu inageuka jelatini, kitu cha kugandisha. Ndiyo maana supu nzuri ukiilaza kwenye friji, asubuhi unaikuta imeganda, inatikisika.

Kuku wa kilo moja na nusu, mwanzisheni kwa maji baridi, lita 3. Maji yakipata moto taratibu, povu la kijivu linapanda juu, lienguliwe lote. Halafu punguzeni moto, viputo vichache tu vitoke pembeni. Supu ikitokota kwa nguvu, mafuta na povu vinavurugika ndani yake, nayo inakosa ung'avu. Tieni kitunguu maji, kitunguu saumu, tangawizi ya kuponda na pilipili manga nzima. Kuku aliyekomaa mpeni saa 2, hata zaidi. Chumvi ya kutosha itiwe mwishoni, kwa sababu maji yanapungua na chumvi haipungui.

Nilipojifungua mtoto wangu wa kwanza, mama yangu alikuwa akiamka kabla ya adhana ya alfajiri kunibandikia sufuria ya namna hii. Alitia pilipili manga nyingi mpaka jasho lilinitoka. Mpaka leo nikisikia harufu ya kuku na tangawizi, namkumbuka yeye.

Sasa tambi. Unga wa ngano gramu 200, mayai 2, chumvi kidogo, basi. Maji msitie, labda tone moja unga ukikataa kushikana. Kandeni dakika 10 mpaka donge liwe laini, mlifunike, lipumzike nusu saa. Msiruke hapo, maana donge lisilopumzika mkilisukuma linajirudi. Lisukumeni kama chapati lakini jembamba zaidi, nyunyizeni unga, kunjeni, kateni nyuzi kwa kisu kikali.

Chujeni supu, nyama ichambuliwe. Irudisheni supu motoni: karoti na viazi vitangulie, njegere zifuate, kabichi dakika 5 za mwisho. Tambi zichemshwe sufuria nyingine, kwa sababu wanga wake unaiondolea supu ung'avu; dakika 3 zinatosha. Na zikibaki, zihifadhiwe mbali na supu. Zikilala humo zinainywa yote, kesho mna uji.

Kwenye bakuli: tambi chini, nyama, supu na mboga juu yake, majani ya giligilani, ndimu ikamuliwe mezani.

Donge langu limeshapumzika. Nani atakuja kusukuma?