Simu ya mhudumu lazima ipokelewe: kuwafunza na kuwashika mkono wanaojitolea kwenye tiba shufaa

Wakubwa zangu shikamooni. Waratibu, wauguzi, na ninyi viongozi wa misikiti na makanisa mliotuletea watu wa kujitolea, karibuni.

Mada niliyopewa ni mafunzo ya wahudumu wa kujitolea wanaokwenda majumbani kuwahudumia wagonjwa ambao ugonjwa wao hautaondoka, katika tiba shufaa, yaani tiba ya kumpunguzia mgonjwa mateso. Nitayazungumzia mafunzo, lakini nasema mapema kwamba mafunzo ndiyo sehemu nyepesi. Semina hufungwa, vyeti hutolewa, picha hupigwa. Miezi sita ikipita unakuta wachache tu bado wanabisha hodi kwa wagonjwa. Huruma haikuwaishia. Kilichowaondoa ni kwamba waliona jambo nyumbani kwa mgonjwa, wakapiga simu, na hakuna aliyepokea. Mhudumu wa kujitolea ana kazi mbili: kuona, na kupeleka habari. Ya kwanza tunaweza kumfundisha. Ya pili inatutegemea sisi tuliokaa upande wa pili wa simu.

Kujitolea kumekuwamo katika kazi hii tangu mwanzo. Cicely Saunders, aliyefungua hospisi ya St Christopher's, nyumba ya kuwatunza wagonjwa wa namna hii, mjini London mwaka 1967, tangu 1948 alikuwa akijitolea katika nyumba ya St Luke's. Huko ndiko alikoona wagonjwa wakipewa dawa ya maumivu kwa saa, kabla maumivu hayajarudi, badala ya kungojea mtu apige kelele. Barani Afrika huduma hii ilianza Harare mwaka 1979, Nairobi ikafuata mwaka 1990, na Kampala mwaka 1993 kwa juhudi za daktari Anne Merriman. Ila kwa upande wa wanaojitolea, mahali pa kujifunza zaidi ni Kerala, India. Kule mtu anayeweza kutoa angalau saa mbili kwa wiki huandikishwa, hupewa saa 16 za darasa la mazungumzo, kisha siku nne za kwenda kwa wagonjwa pamoja na wenye ujuzi. Ni saa 16 tu, halafu siku nne za kuona kwa macho. Sisi hapa hupenda kuongeza saa za darasa na kupunguza siku za kwenda nyumbani, na hapo tunakosea.

Tuanze na kuchagua. Usimpokee kila aliyeinua mkono ibadani. Kaa naye nusu saa, ana kwa ana. Muulize amewahi kumuuguza nani, na amefiwa lini. Aliyefiwa na mtu wa karibu ndani ya mwaka mmoja mwombe asubiri. Mpe kazi nyingine, kama kupanga dawa za ofisini au kupika siku ya mkutano, lakini kitandani asiende bado, kwa sababu atamlilia wake juu ya mgonjwa wa mwenzake. Muulize pia atafanyaje mgonjwa akiwa wa dini nyingine. Anayejibu kwamba atatumia nafasi hiyo kumwokoa, mshukuru kwa upole, lakini kazi hii siyo yake. Mgonjwa asiyeweza kuinuka hana mlango wa kutokea.

Darasani, watu 15 wanatosha. Wakizidi 20, nusu yao hawatashika kitanda. Na kitanda kiwepo, pamoja na godoro la kawaida la sponji, kanga mbili, beseni, na mtu wa kulala pale awe mgonjwa.

Hapa nataka tukae kidogo, kwenye kumgeuza mgonjwa. Chukua kanga, ikunje mara mbili, ipite chini ya mgonjwa kuanzia mabegani hadi kwenye mapaja. Watu wawili wanasimama kila mmoja upande wake. Kila mmoja anaviringisha upindo wa kanga kuja karibu kabisa na mwili, anaushika viganja vikiangalia juu, magoti yamekunjwa kidogo, mgongo umenyooka. Wanahesabu pamoja, moja, mbili, tatu, wanainua, ndipo wanasogeza. Neno ni kuinua. Anayeburuta anaiacha ngozi nyuma huku mfupa umeshatangulia, na hapo ndipo kidonda cha kulalia huanzia, ndani, kabla hakijaonekana juu. Kila saa mbili mgonjwa abadilishwe: ubavu wa kulia, mgongo, ubavu wa kushoto. Akilala ubavu asisimamishwe wima juu ya nyonga. Mwegemeze kidogo tu, mto ukiwa mgongoni na mwingine katikati ya magoti. Chini ya miguu, mto ushike misuli ya nyuma ya muundi ili visigino vielee hewani visiguse godoro.

Kila anapogeuzwa, mhudumu aangalie kisogo, masikio, mabega, viwiko, mfupa wa mkia, nyonga, visigino. Vitabu vingi husema tafuta wekundu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu mara nyingi hauonekani. Tafuta sehemu iliyokoza weusi kuliko jirani yake, iliyo na joto, iliyo ngumu au inayobonyea kama embe lililoanza kuiva. Gusa kwa mgongo wa mkono, linganisha na upande wa pili. Ukiipata, usiisugue wala usiichue kwa mafuta, kwa kuwa kuisugua kunavunja mishipa midogo iliyokwisha kuumia. Na ile duara ya mpira ambayo familia hupenda kumkalisha mgonjwa juu yake iondolewe. Inapunguza uzito katikati na kuikaba damu pembeni pande zote.

Sasa dawa. Mhudumu wa kujitolea hapangi dozi, haongezi, hapunguzi. Lakini ni lazima aijue mofini ya maji, dawa ya maumivu makali, kuliko kitu kingine chochote nyumbani mle, maana yeye ndiye atakayeona kama inatumika ipasavyo. Hutolewa kila baada ya saa nne, na dozi ya kulala huwa mara mbili ili usiku wa manane mgonjwa na anayemuuguza wote walale. Kwa saa zetu ni saa kumi na mbili asubuhi, saa nne, saa nane mchana, saa kumi na mbili jioni, na ile kubwa saa nne usiku. Tazameni mtego uliopo. Hospitali ikiandika 6:00 na 10:00 kwenye chupa, bibi nyumbani anasoma saa sita na saa kumi. Anatoa dawa adhuhuri na alasiri, na asubuhi yote mgonjwa anaumia. Kwa hiyo ziara ya kwanza mhudumu aulize, “Mama, dawa hii mnampa saa ngapi?” Asikilize jibu kwanza, ndipo aitazame karatasi. Karatasi iandikwe upya kwa maneno, pamoja na picha ya jua na mwezi kama kusoma ni kugumu.

Kipimo ni bomba la sindano lisilo na sindano, la mililita 5 au 10. Kijiko cha chai cha nyumba hii si kijiko cha nyumba ile. Na asitegemee rangi ya dawa. Mofini ya maji hutengenezwa kwa nguvu tofauti, na kosa la kusema “ni ileile tuliyozoea” linaweza kuwa kubwa. Asome lebo, miligramu ngapi kwa mililita ngapi, kila chupa mpya inapoingia.

Kichefuchefu na usingizi wa siku za mwanzo huwa vinapungua baada ya siku chache. Kufunga choo hakupungui, kunabaki siku zote dawa inapotumika, na ndiyo maana dawa ya kulainisha choo huanza pamoja na mofini, siku hiyohiyo. Panapokosekana dawa, mbegu za papai zilizokaushwa na kusagwa zimewasaidia wengi, lakini muuguzi aambiwe. Siku ya tatu bila choo ni siku ya kupiga simu. Wagonjwa wengi wameacha mofini, wakarudi kwenye maumivu, kwa sababu tu hakuna aliyewauliza habari za choo.

Maumivu yenyewe yapimwe kwa mkono. Ngumi iliyofungwa ni hakuna maumivu, kidole kimoja ni kidogo, vidole vitano ni makali yasiyovumilika. Mgonjwa ndiye anayeonyesha, si mkewe wala mwanawe. Kisha andika neno lake daftarini kama alivyolisema. Kiswahili kina utajiri hapa: panadunda, panakata, panavuta, panachoma kama sindano, panawaka moto. Muuguzi akisoma “panawaka moto na pana ganzi” anafikiria mishipa ya fahamu, na huenda daktari akaongeza dawa ya namna nyingine kabisa. Ukimwandikia “ana maumivu” umemnyima habari yote.

Yapo mambo yasiyosubiri ziara ijayo: damu nyingi, degedege, kuchanganyikiwa ghafla, pumzi kubana, usingizi ambao mgonjwa haamshiki. Nalisisitiza moja kwa sababu hupita bila kutambuliwa. Mgonjwa wa saratani aliyekuwa na maumivu ya mgongo, leo anasema miguu imekuwa mizito, au mkojo hautoki. Huenda uti wa mgongo umekandamizwa, na hapo tunahesabu saa, si siku. Akichelewa anaweza asisimame tena.

Kusikiliza kufundishwe kama kugeuza kunavyofundishwa, kwa mazoezi. Weka viti viwili, mmoja awe mgonjwa aulize, “Hivi, nitapona?” Karibu wote hujibu, “Utapona tu, Mungu mkubwa.” Mungu ni mkubwa kweli, lakini jibu hilo limefunga mlango, na mgonjwa hatauliza tena. Wafundishe kurudisha swali taratibu: “Wewe mwenyewe unajionaje?” Halafu wanyamaze. Pima kwa saa, dakika moja nzima ya kimya, waone ilivyo ndefu na kwamba inavumilika. Mwishoni wamwombe ruhusa: “Nimwambie muuguzi kwamba una swali hili?”

Siri nayo ina ugumu wake, maana mhudumu ni jirani. Akitoka tu, mtaa utamuuliza mgonjwa anaendeleaje. Apewe jibu tayari, “Tunamshukuru Mungu, tuzidi kumwombea,” na aendelee na safari.

Mipaka mingine niitaje haraka. Hakopeshi wala kukopa. Hashuhudii wosia. Hanunui dawa. Halali nyumbani kwa mgonjwa. Glavu ni kwa damu, kidonda na choo. Kushikana mkono hakuhitaji glavu, na mgonjwa anayeguswa kwa glavu tu anajua anaonwaje. Damu ikimwagika, dawa ya klorini ya asilimia 3.5 ichanganywe sehemu moja kwa sehemu sita za maji. Na siku za mwisho mgonjwa akikataa kula, familia isimlazimishe uji. Hafi kwa sababu ya kutokula. Ameacha kula kwa sababu mwili unafunga kazi. Kulowanisha midomo kwa kitambaa safi kunatosha, na kila mwanafamilia anaweza kupewa zamu yake.

Sasa nirudi kwetu sisi tuliokaa upande wa pili wa simu. Mhudumu mpya asiende peke yake mara nne za kwanza. Muuguzi aende naye, ziara ya kwanza muuguzi afanye, ya pili wafanye pamoja, ya tatu na ya nne mhudumu afanye muuguzi akitazama. Baada ya hapo wagonjwa wawili, wasizidi watatu, kwa mtu mmoja. Muuguzi mmoja asisimamie wahudumu zaidi ya kumi au kumi na wawili, la sivyo daftari zitarundikana bila kusomwa, na mhudumu hutambua haraka sana kwamba daftari lake halisomwi.

Simu iwe ya ofisi, si ya muuguzi binafsi, ili akiwa likizo mwingine ashike. Iwe na zamu, jina la mwenye zamu libandikwe ukutani. Anayeshindwa kupokea apige ndani ya saa moja. Na jibu lirudi: “Ulichosema kuhusu mguu, tumemwita daktari.” Sentensi hiyo fupi humshika mtu katika kujitolea kuliko fulana na cheti.

Nauli ilipwe siku hiyohiyo. Wengi wa hawa ni mama lishe, wastaafu, vijana wasio na ajira. Wanatupa muda wao, na haifai watupe na nauli yao. Ikicheleweshwa hadi mwisho wa mwezi, hatasema. Ataanza kuruka ziara, nasi tutasema amelegea. Bajeti ya nauli ipangwe kabla ya bajeti ya semina.

Mara moja kwa mwezi wakutane saa mbili. Saa ya kwanza ni ya kutoa yaliyo moyoni, bila kuandika, bila wakubwa wa hospitali kuwepo. Ya pili ni ya somo moja tu. Anayekuwa mkali, anayetembelea mgonjwa kila siku bila kuombwa, au anayeanza kuumwa kichwa kila siku ya ziara, mratibu amwite pembeni, ampe mapumziko kabla hajaomba.

Mgonjwa akifariki, mhudumu apigiwe simu siku hiyohiyo. Asije akasikia msikitini au kwenye daladala. Mofini iliyobaki asiichukue yeye. Muuguzi na mwanafamilia waipime, waandike mililita, waweke sahihi wote wawili, irudi hospitali. Kuhudhuria mazishi ni ruhusa, na aende kama jirani, akae na wenzake, asieleze ugonjwa. Kisha arudi mara moja tu, baada ya arobaini, turubai limeshushwa na wageni wameondoka, kwa sababu wakati huo ndipo nyumba inakuwa kimya. Anakaa, anasikiliza, anachukua daftari na kulikabidhi. Baada ya wiki mbili mratibu amuulize kama yuko tayari kwa mgonjwa mwingine. Akisema bado, aandike “bado” mbele ya jina lake, na asimuulize sababu.